Mwendo wa Viatu vya Buluu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Saa moja na nusu asubuhi. Vimepita tena! Viatu vya buluu, kisigino kifupi. Wiki ya pili sasa.

Karakana yangu iko chini ya nyumba ya shangazi, na dirisha lake liko usawa wa njia. Kwa hiyo walimwengu wote nawajua kuanzia magotini kwenda chini. Sura zao sina haja nazo. Mtu anaweza kuipanga sura yake mbele ya kioo, lakini nani amewahi kuupanga mguu?

Mguu wake wa kulia unatua kama wa mtu yeyote. Wa kushoto unangoja kidogo hewani, kama unaomba ruhusa, ndipo unashuka. Tak... tak. Tak... tak. Nimeweka nyundo chini nikasikiliza mpaka sauti ikapotelea kwenye kona. Mwanamke huyu ni mpole. Ni msikivu. Ini lake ni zima kabisa. Hajaolewa. Nitamuoa.

Sibahatishi. Miaka kumi na tisa ya kushona soli si mchezo. Anayelika kisigino upande wa nje ni mbishi na ana gesi tumboni. Anayelika ncha ya mbele ana presha na siri. Shangazi, kwa mfano, anachechemea tangu Ijumaa. Nimemsoma mara moja: ni maringo, kwa sababu nilimtengenezea viatu vyake vikawa kama vipya. Alitaka kunieleza jambo, nikamwambia mwendo wake umeshanieleza yote.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimejaribu kumkimbilia. Ngazi ni kumi na tatu. Nilipofika juu nikitweta, msharasi wa kutobolea ngozi mkononi, aproni imenizunguka shingoni, kona ilikuwa tupu. Shangazi akauliza nini kinaungua.

Basi si mimi wa kupanda, ni yeye wa kushuka. Nimepata akili! Nitatundika kibao juu ya dirisha: HAPA TUNASOMA MWENDO WAKO. BURE. Ataona, atacheka, atashuka, atakaa kwenye kiti hiki hapa. Nimekipangusa.

Tatizo ni mwandiko. Mwenye rangi na mwandiko mzuri ni fundi saa wa mlango wa pili, mtu tusiyepikika naye chungu kimoja. Yeye anadai binadamu husomeka kwa saa aliyovaa. Upuuzi mtupu. Hata hivyo nimemeza mate nikamwomba. Amekubali upesi mno.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Balaa! Ameandika MWENENDO.

HAPA TUNASOMA MWENENDO WAKO. BURE. Herufi za manjano, zinaonekana toka kona hadi kona. Anasema alidhani nimesahau silabi, akanisaidia.

Tangu asubuhi hakuna mguu uliopita karibu. Watu wote wanavuka barabara. Waliokosa njia nyingine wanapita kwa kunyata, magoti yameshikamana, kama watakatifu. Kisha akashuka mke wa mwoka mikate akimvuta mumewe kwa mkono, akaniamuru nimwambie mwenendo wa huyu ukoje. Nikautazama mguu wa mzee wa watu. Nikasema ana sugu kwenye kidole kidogo, na anatembea sana kuliko kazi yake inavyohitaji. Ilikuwa habari ya kitabibu tu! Mke akasema ndivyo alivyoshuku. Mzee akapandishwa ngazi kwa ukosi wa shati.

Viatu vya buluu vilipita ng'ambo ya barabara, mbali, bila sauti. Nimeumia. Nimefuta NE kwa petroli. Sasa inasomeka MWE, pengo, NDO. Fundi saa amecheka mpaka skrubu ikamponyoka, na skrubu ya saa ikianguka ndiyo imekwenda. Hapo kidogo nimepata faraja.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Ameshuka! Tak... tak, ngazi zote kumi na tatu. Nilifumba macho nisipoteze hata moja.

Kumbe ana sura pia. Nzuri, ila sikujua niiweke wapi. Ni muuguzi katika zahanati iliyo nyuma ya kona. Nikamkaribisha kitini, nikamwaga yote: upole, usikivu, ini, roho inayoomba ruhusa kabla ya kugusa dunia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua viatu, akavisimamisha mezani pamoja.

Kisigino cha kushoto kimezidi cha kulia kwa unene wa kidole.

Akasema kwa upole, maana upole kweli anao, kwamba alimwachia mama wa juu, yaani shangazi anayenipokelea kazi, vitengenezwe, vikarudi hivi, na wiki mbili sasa nyonga inamuuma hata kulala hawezi. Nikakitazama kisigino. Gundi yangu. Misumari yangu. Mwendo ule nimeuunda mwenyewe, hapa hapa, kwa nyundo hii.

Shangazi akaingia na chai, akichechemea. Muuguzi akamtupia jicho moja tu, akamwambia mama, hebu vua hicho kiatu. Akatia kidole ndani: ncha ya msumari. Shangazi akasema amenieleza tangu Ijumaa nami namwambia anaringa. Wakacheka wote wawili. Mimi pia nilicheka, kwa kuchelewa.

Akaniomba nikisawazishe kisigino. Nilishika kisu muda mrefu. Nakiri: nilitaka kumdanganya kwamba nyonga inamuuma kwa sababu ya godoro. Lakini alikuwa anajisugua ubavu akidhani simwoni, na roho ikanisuta. Nikakata. Akajaribu kutembea karakana nzima. Tak, tak, tak, tak. Kama watu wengine wote. Nusura nilie.

Alipofika ngazini akageuka. Akasema hajawahi kuambiwa kwamba ana roho inayoomba ruhusa. Jumamosi anatoka kazini saa kumi jioni, atapita dirishani; nikimwona nitoke twende tukanywe chai, nimsomee yaliyobaki. Nikamwambia nitamjua kwa hatua moja.

Baada ya hapo sikuwa duniani. Kulikuwa na ndala za kijani alizoziteremsha shangazi, sijui za nani. Ukanda wa kulia nimeushona ukawa mfupi. Mwenyewe kazichukua huko juu bila kuzijaribu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimeoga mara mbili. Nimekaa dirishani tangu saa nane. Jua limeteleza sakafuni polepole, na vivuli vya miguu vimepita juu ya meza yangu kimoja baada ya kingine, vingine virefu hadi ukutani.

Saa kumi kamili zikaja raba nyeupe, zikasimama pale pale katikati ya dirisha. Zikanizibia njia yote! Zikaenda hatua nne, zikarudi. Mguu mmoja ukajisugua nyuma ya mwenzake. Nikazisoma: mtu asiye na msimamo, pengine na kibofu kinamsumbua. Hatua zimenyooka, hazina tabia yoyote. Kisha magoti yakaanza kukunjwa, kama ya mtu anayetaka kuchungulia. Sipendi wachunguliaji. Nikavuta pazia.

Nilipolifungua njia ilikuwa wazi. Nimengoja hadi giza. Ule mwendo haukuja. Nina huzuni kubwa.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Shangazi, ambaye sasa anatembea kama askari, anasema muuguzi alisimama dirishani jana na viatu vyake vya kazi, raba nyeupe, na keki mbili kwenye mfuko. Aliuliza kama naumwa. Shangazi akamwambia hapana, ndivyo alivyo. Keki akaziacha.

Nimekula moja. Nikamweleza shangazi kwamba haiwezekani. Yule nilimsoma kwa macho yangu, hakuwa na roho ya kuomba ruhusa hata kidogo. Angekuwa yeye ningemjua kwa hatua moja, mwenyewe nilimwahidi. Shangazi akasema zahanati iko hapo nyuma ya kona na leo yuko zamu. Nikasema mimi simfuati mwanamke asiyetimiza ahadi. Akanitazama sana, akachukua keki ya pili, akapanda nayo juu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Saa moja na nusu. Raba nyeupe zimepita ng'ambo ya barabara, haraka, bila kusimama. Sikuona la kuandika.

Halafu, Mungu wangu! Ndala za kijani. Mguu wa kushoto unatua kama wa mtu yeyote. Wa kulia unaruka kidogo, unanyanyuka kisigino, kama umekumbuka jambo la kufurahisha. Ucheshi ulioje! Ukarimu! Figo zote mbili nzima.

Nimeweka nyundo chini. Kesho namwendea fundi saa anichoree kibao kingine.