Mume Wangu Hakuwa Mpita Njia

Kwa Bwana Mwenyekiti,
Kamati ya Fidia kwa Waathiriwa wa Ugaidi.

Bwana Mwenyekiti mheshimiwa,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na kamati yako na kiyoyozi chenu. Mimi ni Mwanasaumu binti Rama wa Timbwani, Likoni, mjane wa Jafar muuza kahawa, aliyeuawa na bomu la magaidi nje ya Hoteli ya Kivulini mwaka juzi. Sina ugomvi na mtu. Nina malalamiko machache tu, nayo nimeyatia nambari kwa sababu karani wenu, Bwana Kai, ameniambia kisicho na nambari hakisomwi.

1. Orodha yenu ina mafungu mawili. Waliokufa ndani ya hoteli ni "waathiriwa", na jamaa zao wanapewa fidia. Waliokufa nje ni "wapita njia", na jamaa zao wanapewa kifuta machozi. Jafar mmemwandika mpita njia. Bwana Mwenyekiti, mtu huyu alikaa pale miaka kumi na tisa, juu ya kibao kimoja, na dele lake na vikombe vyake. Hoteli yenyewe ilimkuta. Mameneja saba wamepita, machifu wanne wamepita, hata msafara wa waziri ulipita ukamtilia vumbi kwenye kashata. Yeye amekaa tu. Kama pale palikuwa na wapita njia, basi ni hao.

2. Hicho kifuta machozi nilidhani ni msemo. Kumbe ni taulo! Taulo moja ya buluu na pakiti mbili za unga. Nashukuru. Taulo hiyo nafunikia unga wa mahamri, nao unaumuka vizuri ajabu.

3. Mlipoita jamaa kwenye kikao, mimi nilikuwa edani. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Mkaandika: "Hakufika, hana haja." Haja ninayo, ila sikuruhusiwa kupita njia.

4. Bwana Kai alipima kwa futi kamba kutoka mlangoni hadi alipoangukia marehemu, akapata mita tisa, akasema hapo ni nje. Lakini kahawa ya Jafar alasiri ile ilikuwa ndani, tumboni mwa meneja. Hiyo hamkuipima. Na jirani yangu Kahaso, mumewe Mramba alikuwa bawabu palepale, alikufa mguu mmoja ndani na mmoja nje. Huu ni mwezi wa nane sasa kamati inaujadili ule mguu. Naomba mpime upya, kwa kamba yenye huruma.

5. Kama sheria ndiyo hiyo, basi pigeni mstari mweupe mbele ya kila jengo, kuanzia Mtongwe hadi Utange, tujue pa kusimama bomu likija. Wachuuzi tupewe vyeti vya kuthibitisha kwamba hatupiti. Na magaidi nao waandikiwe, kwa heshima zote, wasilipue kitu kabla watu wote hawajaingia ndani.

Ninaloomba ni neno moja lifutwe. Orodha inafungwa mwezi ujao, na ikifungwa hivyo, wanangu watakuwa na baba ambaye serikali inasema alikuwa akipita tu. Hilo linaniuma kuliko unga kuwa pakiti mbili.

Wasalimie wajumbe wote, na Bwana Kai mwambie kahawa aliyokunywa kwangu ilikuwa ya bure.

Ni mimi mwananchi wenu, niliyekaa palepale,
Mwanasaumu binti Rama.

Tanbihi: Binti yangu Salha, anayeniandikia, ameniuliza kuhusu vikombe vya baba yake. Ni kweli, vililetwa nyumbani vimevunjika, lakini vimefungwa ndani ya kitambaa, kama Jafar alivyokuwa akivifunga kila akimaliza kazi. Alasiri ile nilipika pweza wa nazi, nikampigia simu aje mapema, akaniambia yuko njiani. Miaka kumi na tisa aliniambia yuko njiani hali bado amekaa anamimina. Sikumwamini, nikafunika chungu. Kumbe siku ile alikuwa anasema kweli. Basi msipime tena. Andikeni mpita njia, ila ongezeni: akirudi kwake Timbwani. Na fidia mtupe sawa na wale wa ndani, maana hakufa nusu. Ile taulo nimeiondoa kwenye unga. Leo imefanya kazi mliyoiletea.