Alizeti ya Marehemu Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeaminiwa! Mama mkwe anakwenda kwa dada yake siku kumi, na kopo lake la alizeti kaniachia mimi. Si Rula. Mimi! Rula ni mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Tunashona duka moja, cherehani yake ubavuni mwa yangu. Jina hilo kalipata kwa sababu hatembei bila rula yake ya mbao.

Mche wenyewe si wa mchezo. Umetoka kwenye mbegu ya mwisho iliyobaki mfukoni mwa koti la marehemu baba mkwe. Mama anataka utoe ua, apate mbegu nyingine. Akirudi ndipo atakapotamka nani ashike funguo za duka. Masharti: maji kila asubuhi, mlangoni penye jua, zaidi ya hapo nisiguse kitu.

Mche umenyooka kama sindano. Suruali zangu zina sifa ya kupinda mshono, na mama ndiye mtangazaji wa sifa hiyo. Sasa ataona.

Mlangoni sikuuweka. Rula anapita pale. Nimeuficha stoo, nyuma ya majora ya vitambaa. Akili hiyo!

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Leo ndiyo nimekumbuka kwamba mimea hunywa maji. Jora moja limeteleza, kopo limelala ubavu, tangu lini sijui. Lakini mche haukulala! Umejikunja katikati ukaelekea juu, kama mtu anayejiinua kitandani kwa kiwiko. Toba!

Mke wangu anafundisha sayansi shule ya msingi. Kasema hakuna ajabu, mmea unajua chini ni wapi hata gizani: mzizi unashuka, shina linapanda. Nisimamishe kopo, nilipeleke mlangoni, niache. Nikamuuliza, ndiyo hivyo tu? Akasema ndiyo hivyo tu. Walimu bwana! Ufundi wa mikono hawana. Nguo ikivutika kulia, unaivuta kushoto.

Nimelilaza kopo ubavu wa pili.

Jumamosi, 8 Machi

Sasa una viwiko viwili.

Rula kaja stoo kutafuta zipu, kanikuta nimetanua mikono mbele ya majora. Kauliza nafanya nini. Nikasema nanyoosha mgongo. Akasema heri ninyooshe mgongo, maana suruali zimeshanishinda kuzinyoosha. Mshenzi.

Jumapili, 9 Machi

Duka limefungwa, nimejaa tele. Rula kasahau rula yake mezani. Nimeufunga mche kwenye rula kwa uzi, duru baada ya duru. Umenyooka! Karibu unyooke. Nimeliweka kopo chini ya kidirisha cha stoo, lipate mwanga, nisije nikalaumiwa.

Jumanne, 11 Machi

Umeinamia kidirisha, na rula umeibeba!

Mke wangu kasema mwanga ukitoka upande mmoja, upande wa shina ulio kivulini hurefuka zaidi, basi shina linainamia kwenye mwanga. Nilitoe kopo nje. Nje kuna Rula, anatafuta rula yake, kapekua mpaka kapu langu la chakula. Nikaligeuza kopo, mche ukatazama ukuta. Jioni ulishaanza kurudi dirishani. Mche mkaidi huu!

Nikawasha pasi. Kitambaa chenye unyevu, moto mdogo. Hakuna mkunjo ambao pasi yangu imewahi kushindwa nao. Jani moja likanyauka palepale. Mke wangu, aliyekuja kunifuata twende nyumbani, kaninyang'anya pasi. Nimeogopa kweli. Mbegu ya mwisho ile.

Alhamisi, 13 Machi

Mama karudi. Kautazama mche. Nikaanza kusingizia panya. Rula akapiga yowe: rula yangu! Mama akafungua uzi polepole, akapapasa kiwiko cha kwanza, cha pili, halafu lile jani.

Akasema mche haukukosea hata mara moja. Kila ulipoangushwa umetafuta juu upya, asiyejua juu ni wapi ni mimi. Akasema marehemu naye alikuwa na mikono isiyotulia, akafuta machozi kwa mkono wa gauni. Nimeona aibu. Aibu yenyewe, si ya kuigiza.

Funguo anabaki nazo. Mkwe mmoja hawezi kuacha kitu kilivyo, mwingine siku nne hakushona kwa kutafuta rula. Kopo kaliweka kwenye dirisha la duka, mbele ya cherehani yangu. Nimwagilie, basi. Mbegu zikipatikana, habari ya funguo tutaizungumza tena.

Jumatano, 2 Aprili

Tumba limetoka! Siku ishirini sijaugusa mche, Rula mwenyewe shahidi. Juu ya vile viwiko shina limepanda wima. Mama kacheka, kaniita mwanangu. Mwanangu! Funguo nazinusa.

Kasoro ni moja tu. Tumba linatazama barabarani, na mama anakaa ndani, kwa hiyo siku nzima anapewa kisogo. Si heshima. Mke wangu kasema niache. Mama akienda kunywa chai nitaligeuza kopo, nusu mzunguko tu. Nondo za dirisha zinazuia kidogo, itabidi kwanza nililaze ubavu.

Dakika mbili tu.