Kisu Changu Kizuri Kuliko cha Hamako

Jumatatu, 4 Novemba
Baba mkwe mikono inamtetemeka, na leo katamka mwenyewe: anaachia karakana. Chapa ya jina lake, ile inayogongwa kwenye kila kisu kinachotoka hapa, ataipata yule ambaye kisu chake mwindaji Bwana Kurotsuchi, mteja wetu, atakichagua kwenda nacho kuwinda nguruwe mwitu msimu ukifunguliwa. Washindani wawili tu. Mimi, mume wa binti yake wa pekee. Na Hamako, aliyekuwa akipika tambi kituo cha treni kabla hajaja hapa kujifunza. Mpika tambi! Nilicheka hadi chai ikanitoka puani.

Jumatano, 6 Novemba
Hamako anakata mkaa tangu alfajiri, kila kipande sawa na mwenzake, kana kwamba anamkatia mgonjwa karoti. Nikamwuliza kama moto wake umeng'oka meno. Akajibu bila kuinua macho kwamba moto hauna meno, una hasira. Hekima za tambi! Mimi nilimwaga gunia zima. Cheche zikala nyusi yangu ya kushoto. Haidhuru. Chuma kigumu nimekibana katikati ya chuma laini, nikafua. Vimeshikana. Karibu kote.

Ijumaa, 8 Novemba
Siku ya kuzamisha kisu cha moto majini ili kikomae. Baba mkwe hufunga madirisha, ati chuma huonyesha rangi yake ya kweli gizani. Ushirikina! Nilingoja aende kwa daktari wa meno, nikafungua yote. Juani chuma kilionekana baridi. Nikaongeza moto. Nikaongeza tena. Kisha majini. Kikalia: tii! Mke wangu Chizuru akachungulia kutoka jikoni, akauliza kumevunjika nini. Nikasema bilauri.

Ufa upo. Mwembamba kama unywele, karibu na mpini.

Jumamosi, 9 Novemba
Gundi na masizi. Nikasugua mpaka kikang'aa. Hauonekani! Chizuru akanifuma. "We Tokisuke, hicho kitu kitaua mtu!" Nikamwambia kitaua nguruwe, ndiyo kazi yake. Akatishia kumwambia baba yake. Nikaapa nitakiyeyusha. Ahadi ni deni, lakini mdai ni mke wangu.

Alhamisi, 14 Novemba
Chizuru kaenda sokoni, Kurotsuchi kaja kuchagua. Bahati ya mwerevu! Kisu cha Hamako cheusi, kina alama za nyundo, utadhani kitako cha sufuria. Changu kioo kitupu. Kurotsuchi akajitazama humo, akachana masharubu. Baba mkwe, ambaye macho yake siku hizi hayaoni hata sindano, akauliza kama nilifunga madirisha. Nikasema ndiyo, yote. Hamako akakigonga kisu changu kwa ukucha, akasikiliza, akasema kinakohoa. Kurotsuchi akacheka: "Dada, huo wivu tu!" Akachukua changu.

Changu! Nimelala nikiota chapa.

Ijumaa, 15 Novemba
Msimu umefunguliwa. Kisu kimekatika.

Kurotsuchi alimchoma nguruwe, akabaki na mpini. Mnyama akamburuta hadi kijitoni, bega likateguka. Hamako, aliyemfuata msituni bila kualikwa kwa sababu kile kikohozi cha kisu kilimnyima raha, akammaliza nguruwe kwa kitako chake cha sufuria. Kiherehere!

Baba mkwe alipapasa pale kilipokatika, akanusa gundi. Alimkabidhi Hamako chapa kwa mikono miwili, akainama. Kwangu aligeuza mgongo. Chizuru kapakua wali wa watu wawili. Tuko watatu.

Jumapili, 17 Novemba
Nimetumwa kuomba radhi, na kikapu cha mapeasi. Kurotsuchi, mkono umefungwa kitambaa shingoni, akaniuliza kwa upole kwa nini kisu kilikatika. Nikamweleza ukweli: nguruwe wake ana mfupa usio wa kawaida. "Kisu kinachoogopa mfupa, mwanangu, kakatie tofu laini ya soya." Mkewe akarudisha mapeasi.

Nikayala njiani nikitafakari. Wamenionea. Ufundi ninao, tena umezidi. Kasoro yangu ni kuishi na watu wenye akili fupi. Sasa nimeona wito wangu. Kule bondeni kuna banda tupu, na mjini vijana wamejaa wanaotamani kazi za jadi. Kesho nachora kibao: SHULE YA UFUAJI VISU. Mwalimu: mimi.

Somo la kwanza: kufungua madirisha.