Hatua za Mzee Yahya Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, 12 Februari 1996

Wewe uliyefungua daftari hili, lifunge. Kama huwezi, basi lisome mlango ukiwa na komeo, na usimwambie mtu hata neno moja. Hasa Ndinda. Usimwambie Ndinda hata kwamba nina daftari.

Mimi ni Kaleli, karani wa majaribio katika kiwanda cha mahema cha Mzee Abdulnasir, hapa Ruiru. Miezi mitatu ya majaribio inakwisha Jumamosi. Makarani tuko wawili, mimi na Ndinda. Kiti cha kudumu ni kimoja. Bosi amesema Jumamosi saa tatu asubuhi atatuita. Mmoja atabaki, mwingine ataenda na baraka zake. Sitaki baraka. Nataka kiti.

Shida ni hii. Mafundi wetu hukata turubai kwa futi. Wateja wa siku hizi huleta mita. Mteja akileta mita, Ndinda hugeuza daftari la shule la mdogo wake, husoma jedwali la vipimo lililochapwa jalada la nyuma, na kutoa futi kabla sijafungua kalamu. Nina B ya hesabu! Lakini mtu akinitazama, tarakimu zote hunikimbia.

Leo Mungu amenikumbuka. Rayan, mpwa wa bosi, anasoma chuo kule Juja. Ameleta kompyuta kuukuu na disketi moja. Ndani yake kuna programu ya kugeuza vipimo. Haina picha. Kioo cheusi, maandishi meupe, unaandika amri na kugonga kitufe. Inauliza kwa Kiingereza: una nini? Unaandika. Inauliza tena: unataka nini? Unaandika. Inajibu papo hapo.

Rayan alipotoka nilijaribu peke yangu. Una nini? Nikaandika: woga. Ikajibu kwamba haijui kipimo hicho. Nilifarijika kidogo.

Mpango: niwe mtu pekee Ruiru nzima anayeijua. Rayan aliacha karatasi ya maelezo. Nimeificha ndani ya soksi. Sijaisoma. Kuisoma mbele ya Ndinda ni hatari.

Jumanne, 13 Februari

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi, nina aibu.

Ndambuki, mwenye bucha kule Kiuu, alikuja kuagiza kivuli cha turubai cha kuning'iniza mbele ya bucha yake. Mita tatu kwa mita moja na nusu. Ndinda akanyoosha mkono kuchukua daftari la mdogo wake. Nikamwahi. Nikasema kwa sauti ambayo sikuijua kwamba kazi hii ni ya kompyuta.

Una nini? Mita. Unataka nini? Futi. Ikatoa mistari miwili! Wa juu una alama ya nyota na tatu nukta mbili nane. Wa chini una mkwaju, kile kistari kilichoinama, na sufuri nukta tatu sufuri. Mashine haikusema nichukue upi. Karatasi ya maelezo ilikuwa kwenye soksi na Ndinda alikuwa ananitazama. Nikachukua wa chini. Ulionekana mnyenyekevu. Nikazidisha. Nikapiga muhuri. Nikapeleka kwa mafundi.

Fundi mkuu ni Mzee Yahya. Amekata mahema tangu sijazaliwa. Aliisoma karatasi, akaniuliza kwa upole, kijana wangu, hiki ni kivuli cha bucha au cha kuku? Nikaogopa kusema nimekosea. Nikasema karatasi ina muhuri. Akasema haya, muhuri ni muhuri.

Saa tisa Ndambuki alirudi kuchukua mzigo wake. Alipewa kitambaa cha urefu wa inchi kumi na moja. Kimepindwa vizuri pande zote. Kina tundu nne za kamba, zenye pete za shaba. Akakiweka kichwani, akazunguka ua mzima akiwauliza mafundi kama amependeza. Akasema kitatia kivuli ubavu mmoja wa mbuzi, tena mbuzi akiwa mwembamba.

Bosi akatoka ofisini. Nikasema ni sampuli. Sijui neno hilo lilitoka wapi. Bosi akakipapasa kile kitambaa, akasema wazo la sampuli si baya, ila mara nyingine niombe ruhusa. Ndinda alimwandikia Ndambuki vipimo vipya kutoka jalada la daftari, kisha akaniambia Profesa, kuwa macho, usije ukatupunguza na sisi.

Jioni nimesoma karatasi ya maelezo. Ilikuwa na jasho la mguu lakini inasomeka. Nyota maana yake zidisha. Mkwaju maana yake gawanya. Ingekuwa heri ningejua jana.

Jumatano, 14 Februari

Nimeamka na akili mpya!

Kazi kubwa imefika. Msikiti wa Murera wanataka hema la Idd, la kuwakinga watu na jua uani. Mhandisi wao amechora kwa mita: urefu kumi na nane, upana kumi na mbili. Lisimamishwe Ijumaa kabla ya sala. Bosi mwenyewe ni mtu wa huko. Amesema hili ni hema la heshima yake. Nimeelewa: atakayelifanikisha hili hema ndiye atakayekalia kile kiti.

Nilipokuwa nasoma ile karatasi jana, niliona chini kabisa kwamba mtu anaweza kuongeza kipimo chake mwenyewe. Unaandika jina, unaandika urefu, basi. Dunia nzima ndani ya ile mashine italikubali. Nikawaza: Ndinda hunishinda kwa sababu futi ziko kwenye jalada lake. Je, kama karatasi itaandikwa kwa kipimo ambacho hakimo kwenye jalada?

Mzee Yahya hana imani na tepu. Mahema makubwa huyapima kwa miguu yake. Hutandaza turubai uani na kutembea juu yake, akihesabu hatua. Basi kipimo kiwe hatua ya Mzee Yahya!

Saa kumi na nusu alasiri alikuwa anavuka ua kwenda kutawadha. Nilimfuata kwa nyuma na chaki, nikitia alama kila kisigino kilipokanyaga. Alitembea taratibu sana. Aliniuliza bila kugeuka kama nimepotelewa na shilingi. Nikasema ndiyo. Akasema pole, angeinama anisaidie lakini saumu imemshika, akiinama hatainuka mpaka magharibi.

Nikapima alama zangu. Hatua moja ni futi moja na nusu. Zote sawasawa! Mtu wa kuaminika.

Nikaandika ndani ya kompyuta: yahya ni futi moja na nusu. Una nini? Mita kumi na nane. Unataka nini? Yahya. Ikajibu bila kusita: thelathini na tisa na kitu. Upana: ishirini na sita na kitu. Safari hii nilichukua mstari wa nyota.

Ndinda alisoma karatasi yangu, akageuza daftari lake juu chini, hakuiona yahya. Akaniuliza hiki ni kipimo cha nchi gani. Nikasema ni cha kisasa. Akaniuliza kama nimempima Mzee Yahya leo. Nikasema siri ya ofisi. Akafunga daftari lake, akaenda nyumbani.

Mzee Yahya nilimwambia ukweli, kwamba sasa yeye ni kipimo. Akakisogelea kioo. Akauliza jina lake liko ndani kweli? Nikamwonyesha. Akaniomba nimwonyeshe tena. Akamwita na fundi mwenzake aje aone. Aliondoka kifua mbele.

Alhamisi, 15 Februari

Mafundi walianza kukata saa moja asubuhi. Mimi nilikuwa ofisini nikipangusa kompyuta. Niliwasikia tu: Mzee Yahya akihesabu kwa sauti kama sajini. Moja! Mbili! Tatu! Nilifurahi sana. Ndinda alisimama dirishani akitazama uani, akasema eti mzee leo ana miguu ya twiga. Nikamwambia wivu haujengi.

Saa nne fundi mmoja alikuja kusema turubai imekwisha. Nikasema haiwezekani. Nikaiuliza kompyuta. Kompyuta ilisema turubai inatosha na nyingine inabaki. Nikampa jibu hilo. Akasema yeye hashoni kompyuta.

Bosi akatuma gari bohari ya Thika kuleta mabunda mengine. Akaniita. Akauliza, Kaleli, turubai inaenda wapi? Ulimi wangu ulikauka kama kwamba ni mimi niliyefunga. Nikasema turubai ikikaa stoo husinyaa kwa baridi. Akasema hii ni Februari, mwezi wa jua. Nikasema ndiyo, Bosi. Akasema toka.

Saa nane mabunda ya Thika yakaanza kupungua. Niliona ni busara nisitoke nje. Hema likakunjwa, likafungwa kwa kamba, wakahitaji watu tisa kulibeba. Nilidhani ni kwa sababu ya ubora.

Ijumaa, 16 Februari

Ole wangu.

Tulifika Murera saa tatu. Nguzo zikasimikwa, hema likaanza kukunjuliwa. Likakunjuliwa. Likaendelea kukunjuliwa. Liliujaza ua wa msikiti, likavuka uzio wa michongoma, likafunika banda la ng'ombe la jirani, Bi Mwongeli, pamoja na nguo zake zilizoanikwa. Upande wa pili liliziba barabara. Mwendesha mkokoteni wa maji aliingia chini yake kwa huku na akachelewa kutoka kwa kule.

Bi Mwongeli alitoka jikoni mbio kuanua nguo. Alidhani mvua inakuja. Alipoona ni sisi, alipiga kelele kwamba yeye ni wa kanisa la pale juu, hajasilimu, na ng'ombe wake pia hajasilimu, tumtolee mbingu yetu!

Bosi alisimama katikati kwenye kivuli. Alianza kuhesabu mabunda ya turubai kwa vidole. Hilo ndilo baya zaidi.

Mzee Yahya akasema yeye alikata kama ilivyoandikwa, hatua thelathini na tisa na kidogo, tena hatua kamili, za mtu aliyekula daku akashiba, akalala, na ambaye jina lake limo kwenye mashine. Alitaka zipendeze. Kila hatua futi mbili na nusu, hakuna udanganyifu! Kisha akaniuliza, mbele ya kila mtu, kijana wangu, wewe ulinipima saa ngapi?

Nikasema saa kumi na nusu.

Mafundi wote wakacheka mpaka mmoja akashikilia nguzo. Mzee Yahya akasema saa kumi na nusu, mwisho wa Ramadhani, yeye hatembei, yeye hubebwa na nia tu.

Watu wa sala wakaanza kufika. Ndipo Ndinda akatoa utepe wa kupimia nguo mkobani, akapima ua, akaandika mgongoni mwa mkono wake. Akamwambia bosi, Mzee, tukate hapa na hapa. La wanaume libaki mita zile zile za mhandisi, kinachozidi kifanywe hema la kina mama, maana pale nyuma ya jiko walikuwa wamesahauliwa. Mafundi wakakata na kupinda huku adhana ikingojewa. Likakaa sawasawa. Wanawake wa Murera walimshika Ndinda mikono wakimwita binti yetu.

Mimi nilikuwa chini ya kipande kilichobaki juu ya banda, na ng'ombe wa Bi Mwongeli. Alinilamba sikio.

Bosi alisema maneno matano tu: kesho saa tatu, bila sampuli.

Jumamosi, 17 Februari

Imekwisha. Ndinda amepewa kiti.

Bosi hakunifukuza. Nilikuwa nimeshafunga kalamu zangu kwenye bahasha. Alisema Mzee Yahya ameniombea. Mzee alisema kiwandani kumepita makarani wengi, wote walimwita wee fundi, lakini ni mmoja tu aliyemfanya kipimo. Kwa hiyo nitabaki miezi mingine mitatu ya majaribio, uani, nikishikilia ncha ya pili ya tepu mpya. Nisiguse muhuri.

Ndinda amekalia kompyuta. Aliniomba karatasi ya maelezo, nikavua kiatu nikampa. Aliishika kwa vidole viwili. Aliisoma dakika kumi. Alinigeuzia mita mia moja kuwa futi, yadi na maili, akaniambia Profesa, kumbe ni rahisi. Kisha akanigawia nusu ya andazi lake. Huo ni ujanja. Nimelila lakini sijadanganyika.

Nimekaa nikafikiri kwa makini kosa lilikuwa wapi. Nimeliona. Kosa lilikuwa kwa mtu, si kwa mpango. Mzee Yahya hufunga, hula daku, huzeeka, hufurahi. Hawezi kuwa kipimo. Kinachotakiwa ni kijana mtulivu, asiyefunga, ambaye hatua yake haibadiliki asubuhi wala jioni. Yaani mimi!

Ndinda alipokwenda kula chakula cha mchana niliingia ofisini. Nilikuwa nimejipima dakika ile ile, nikinyata kupita mlango wa bosi huku nimebana pumzi. Hatua zote zilitoka sawasawa kabisa. Nimeandika ndani ya mashine: kaleli. Sasa ni suala la muda. Agizo lijalo nitashauri liandikwe kwa kaleli, na ofisi nzima itanihitaji.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, umeapa, kumbuka. Lakini kama una hema, au una jambo lolote la kupimwa, au umeliokota daftari hili na una moyo wa kulirudisha, usije kiwandani. Njoo Kiuu. Ukifika kwenye bucha ya Ndambuki, usimwulize yeye habari zangu, atakuvisha kitu kichwani. Mpe kisogo, tembea kaleli mia nne arobaini moja kwa moja, kata kushoto, kaleli sitini, mlango wa kijani. Kama hujui kaleli moja ina urefu gani, usihofu. Bisha hodi kwangu, nitatoka nikuonyeshe.