Mashine Isiyoomba Likizo

Injinia hakuwa injinia. Jina alijipa mwenyewe, akalizoea, kisha akaanza kuwanunia watu waliosahau kumwita hivyo. Asubuhi moja alisimama kwenye kaunta ya dobi akisubiri suruali yake pekee yenye mstari, huku mwenye duka akimfukuza kazi mpiga pasi.

"Likizo ya nini? Pasi inaomba likizo?" mama huyo alisema. "Wa kwanza aliumwa mgongo, wa pili akaoa, sasa wewe. Nguo za watu nizinyooshe kwa ulimi?"

Mpiga pasi akavua aproni, akaitundika msumarini, akatoka bila kuaga. Mtaani walimwita mwenye duka Mama Mikunjo, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya paji lake la uso.

"Hivi kweli hakuna mashine ya kufanya kazi hii?" aliiuliza dari. "Isiyokula, isiyooa, isiyotia mkono kwenye mifuko ya wateja?"

Dari haikujibu. Injinia akajibu.

"Ipo, mama."

Mtu mwenye akili zake angechukua suruali na kwenda zake. Lakini siku chache kabla, Injinia alikuwa amesubiri kung'olewa jino, na kwenye meza ya daktari akakuta jarida kuukuu lenye habari za mitambo ya enzi za mvuke. Alilisoma lote, hata akasahau jino.

"Zamani, mama, walikuwa na vichwa," alianza. "Daktari mmoja alitabiri dhoruba kwa kutumia ruba. Aliwaweka kwenye chupa, na dhoruba ikikaribia, wanapanda juu na kugonga kengele."

"Kijana, mimi nina watoto wakubwa. Usinifanye mtoto."

"Mwingine akatengeneza kofia inayojiinua yenyewe kusalimia wapita njia."

"Chukua suruali yako uende."

Yote mawili yalikuwa kweli tupu. Injinia akaona, si kwa mara ya kwanza maishani, kwamba ukweli haungemfikisha popote.

"Basi tuache hayo," alisema. "Nyumbani nina mtambo wa mvuke wa kupiga pasi. Unaingiza shati huku, linatokea kule limenyooka. Babu yangu aliuacha."

Macho ya Mama Mikunjo yakalainika. "Sasa hapo umesema. Ulete Jumatatu."

Jarida lile lilikuwa na habari ya tatu, ambayo Injinia hakuisimulia: sanamu ya mashine iliyowashinda wakubwa wa dunia katika mchezo wa sataranji, kumbe ndani ya kabati lake alijikunja mtu.

Mtu wa kujikunja alikuwepo. Injinia aliishi kwa mama yake mdogo, mwanamke aliyefua nguo za watu uani na aliyewafundisha vijana wawili kupiga pasi: Injinia na binamu yake, Sindano. Mmoja alijifunza, mwingine alijifunza kuruka makwapa na kutoroka. Sindano alikuwa mwembamba kama jina lake, mpole, na pasi mkononi mwake ilienda kama inateleza juu ya mafuta. Mama mdogo alimpa Injinia chumba bure kwa sharti moja: ukitoka na mwanangu, rudi na mwanangu. Hakusema adhabu ni nini. Hakuna aliyewahi kutamani kuijua.

"Nusu kwa nusu," Injinia alimwambia Sindano. "Akishalipa, saa ya chakula unatokea mlango wa nyuma, tunakutana kituo cha basi."

"Na yule mama?"

"Atajifunza kuthamini wafanyakazi."

Mtambo ulikuwa wa kupendeza, lazima isemwe. Kabati la mbao lilifunikwa mabati na kupakwa rangi ya shaba. Ubavuni zilipangwa gia za baiskeli zisizozungusha kitu. Juu kulikuwa na birika lenye filimbi, bomba la moshi lililokuwa la jiko, na geji mbili ambazo mishale yake ilitetemeka kila Sindano alipopumua. Injinia mwenyewe alivaa koti refu na miwani ya kuchomelea vyuma.

Jumatatu, dukani, Mama Mikunjo aliuzunguka mtambo mara mbili.

"Kama ni wa mvuke, huu waya wa umeme wa nini?"

"Wa kengele, mama."

"Sijasikia kengele."

"Na uombe usiisikie."

Hilo lilimtosha. Akaingiza shati. Birika likapiga filimbi, gia zikalia, na upande wa pili shati likatokea limenyooka, kola imesimama. Akaingiza la pili. Akatabasamu, jambo ambalo jirani yake muuza vitambaa alikuja kuliona kwa macho yake. Kisha akalipa. Kabla Injinia hajafunga mfuko, akaingia fundi na drili.

"Huyu wa nini, mama?"

"Mtaa huu una mikono mirefu. Nataka ufungwe bolti ukutani, usitoke."

Mgongo wa mtambo ukasukumwa hadi ukutani. Kimlango cha nyuma kikabusiana na matofali. Injinia alifungua mdomo kusema neno la kitaalamu, hakulipata, akaaga.

Kituo cha basi alikata tiketi. Akakaa dirishani, fedha zikimpasha moto kifuani, akajiambia kwamba Sindano ni mtu mzima, ana hewa ya kutosha, na bomba la moshi ni pana. Basi likawashwa. Ndipo akamwona mama yake mdogo akilini mwake, ameshika kiuno mlangoni, akiuliza swali moja tu. Mji gani angeenda ambako mama huyo hana ndugu? Akashuka.

Alipofika dukani alikuta mtambo kimya. Mama Mikunjo alikaa kando yake, shavu kiganjani, kama mtu wa msibani.

"Mashine yako imekufa," alisema.

"Imekufaje?"

"Imekohoa, ikagugumia, ikanyamaza. Na shati la mteja limeungua."

Injinia akagonga bati. "Sindano," alinong'ona kwenye tundu la nguo. Akagonga tena.

"Mama, chukua fedha zako. Zote. Chukua na saa yangu kwa ajili ya shati. Nipe spana tu."

Mama Mikunjo akapokea fedha, akapokea saa, akaisogeza sikioni kuhakikisha inatembea. Ndipo akatoa spana. Injinia alifungua bolti jasho likimtiririka, akauvuta mtambo, akafungua kimlango. Ndani kulikuwa na pasi, mto wa kukalia, na kikombe cha chai kilichonywewa nusu.

"Unatafuta nini, binamu?"

Sindano alisimama mlango wa stoo, amevaa aproni mpya.

Injinia akakaa chini. Mama Mikunjo ndiye aliyeeleza, bila haraka.

"Shati la tatu lilitoka limenyooka. Juu yake kukawa na kitana, leso na tiketi ya bahati nasibu, vimepangwa kama vya dukani. Nikajiuliza, mashine gani hii inapekua mifuko kabla ya kupiga pasi? Halafu inarudisha? Wote niliowaajiri, hakuna aliyewahi kunirudishia hata kitana. Nikagonga bati nikasema, wewe uliyemo humo, nikikupa mshahara na likizo, utatoka? Akasema, mama, mlango uko ukutani. Tukamwita fundi akafungua bolti, akamtoa, akazirudisha, nami nikakutungia msiba."

"Nilikuwa narudi kukuchukua," Injinia alimwambia binamu yake.

"Umechelewa kidogo," Sindano alisema. "Chai nimeshapewa."

Nje sauti zilianza kuongezeka. Muuza vitambaa alikuwa ameisambaza habari ya mashine, na watu walisukumana mlangoni na nguo mikononi.

"Hawa wamekuja kuona mtambo," Mama Mikunjo alisema. "Sindano ni wa kaunta sasa, anaongea vizuri na watu. Wewe kijana, kituo cha polisi kiko mtaa wa pili. Kimlango kiko hapa. Chagua."

Injinia akavua koti na miwani, akampa binamu yake, akajikunja, akaingia. Mle ndani palikuwa na joto kama tumbo la tanuri, na alikumbuka, kwa kuchelewa sana, kwamba njia ya hewa alikuwa ameisanifu yeye.

Jioni alisikia sauti aliyoijua ikiuliza bei.

"Mama, karibu," Sindano alisema nje.

"Kumbe uko hapa. Na mwenzako yuko wapi?"

"Amepata kazi."

Mama mdogo akacheka hadi birika likatikisika. "Huyo? Kazi? Nenda ukamdanganye asiyemjua. Hebu nione hii mashine yenu."

Gauni likaingia. Injinia alipekua mifuko yake, haikuwa na kitu, akapiga pasi kwa moyo wote, akalisukuma nje. Nje likageuzwa huku na huku.

"Mashine nzuri," mama mdogo alisema. "Ila imeruka kwapa. Rudia."

Mashine ikarudia.