Kidonge Kimoja, Gunia Moja

Jumatatu, 3 Machi
Gunia la sukari limeniponyoka. La tatu ndani ya siku saba. Kope ya kushoto nayo imelegea, haipandi. Winchi, mpakiaji mwenzangu, kaniuliza nasinzia au nakonyeza wake za watu. Ghala zima likacheka. Msimamizi hakucheka. Kasema Alhamisi nibebe magunia kumi mfululizo, nikishindwa nashika ufagio. Ufagio! Bega hili limelisha nyumba miaka ishirini na mbili.

Jumanne, 4 Machi
Binti yangu kanikokota hospitali. Daktari, mama mpole, kanieleza taratibu. Mshipa wa fahamu haugusi msuli. Pana upenyo katikati. Mshipa unatuma dawa yake ya mwilini, inavuka, inabisha hodi. Mlango wa msuli ukifunguka chumvi inaingia, msuli unajikaza. Kwangu, mwili wenyewe unaharibu milango. Na hodi inafutwa upesi, kabla haijasikika vizuri. Kidonge kinazuia isifutwe. Kimoja asubuhi, mchana, jioni. Basi.
Nimerudi nikiwaza. Kujisifu kote kule, kumbe ni chumvi kupita mlangoni.

Jumatano, 5 Machi
Kimoja tu, kope imepanda! Kikombe hakitetemeki. Nikapiga hesabu. Kimoja kinainua kikombe. Gunia je? Marehemu mke wangu angesema tulia, mwanamume wewe. Hayupo wa kusema. Kesho vinne.

Alhamisi, 6 Machi
Gunia la kwanza, safi. La pili, safi. La tatu, mate yakanimwagika kama mtoto anayeota meno. Mapaja yakarukaruka yenyewe. Halafu tumbo! Nimekimbilia chooni na gunia begani. Winchi kapiga kelele, mzee, sukari iache nje! Mikono ikafa. Pumzi ikawa fupi. Winchi ndiye aliyenibeba. Njia nzima hakutania.

Ijumaa, 7 Machi. Wodini
Daktari kafoka. Hodi isiyokoma nayo inaulemaza msuli, mlango haupati nafasi ya kujifunga. Hata msuli wa kupumulia ungegoma. Binti kasema mama nilishamzika, baba, wewe una haraka ya kwenda wapi? Nimemshika mkono mpaka akasinzia kitini. Nimeapa: vitatu kwa siku, basi.

Jumapili, 9 Machi
Nyumbani. Msimamizi kaniongezea nafasi moja, kesho, magunia kumi yaleyale. Binti kaficha chupa ya vidonge kwenye debe la unga. Nimeipata.
Nimewaza sana. Kosa langu nimeliona. Nilimeza vinne kwa mpigo, kama mlafi. Kesho kwa utaratibu: kimoja kwa kila gunia.