Jakuzi Bovu na Donge la Mkate

Jumatatu, tarehe 5 Agosti

Shajara yangu, salamu sana. Sijui kuandika bila kusalimu kwanza, nivumilie. Mimi sijambo, miguu tu ndiyo inalalamika. Baba watoto hajambo, kasoro mgongo. Mama mkwe hajambo, anakula vizuri na anasikia anachotaka kusikia. Paka hajambo. Binti yangu aliye kazini mbali hajambo, na anakuja Jumamosi kwa likizo fupi! Wifi yangu, jirani wa ukuta mmoja, hajambo mno, hata inaudhi. Mgonjwa ni mmoja tu: jakuzi letu la uani, lile beseni kubwa la kukalia kwenye maji moto na mapovu. Lina ufa chini ya kiti. Linavuja kama mtoto mwenye mafua.

Fundi bomba kaja. Kasema mambo ni mawili, kuziba au kununua jipya. Nikasema jipya kabla hajafunga mdomo. Baba watoto kasema ya kale ni dhahabu. Nikamwambia dhahabu haivuji. Tukakubaliana hivi: baba watoto atalipaka gundi yake mwenyewe. Likiendelea kuvuja mpaka Ijumaa, tunanunua. Likikauka, linabaki.

Nikaomba livuje. Mungu anisamehe.

Jumanne, tarehe 6

Wifi kapita eti kusalimia. Kumbe kaja kutangaza. Jakuzi lake jipya lina taa za rangi. Kasema binti asihangaike na lile kopo letu, atakuwa anaoga kwake, na akichoka alale hukohuko, kitanda kimeshatandikwa. Kitanda! Mtoto wangu likizo yake yote aimalizie kwa shangazi yake, mimi nimchungulie juu ya ukuta kama mwizi wa kuku? Nikacheka, nikamkaribisha chai. Moyoni nilikuwa natokota kuliko birika.

Lazima jipya. Dukani wanaleta siku hiyohiyo, nimeshauliza. Nikauliza tena, nihakikishe.

Jumatano, tarehe 7

Msiba! Gundi inashika. Asubuhi lilikuwa linachuruzika, mchana linadondoka tu. Tone. Halafu kimya. Halafu tone. Baba watoto kakaa kwenye kigoda anayasikiliza matone kama taarifa ya habari.

Nikafikiri. Pampu ikiziba, gundi haitamsaidia kitu. Na mimi muoka mikate, cha kuzibia nakikosaje? Baba watoto alipoingia ndani kutafuta miwani, nikachukua donge la unga wa mkate, kubwa kama kichwa cha paka, nikalisukumiza kwenye tundu la kunyonyea maji. Mama mkwe akauliza nafanya nini. Nikasema nasafisha. Akasema basi nisisahau chumvi.

Alhamisi, tarehe 8

Fundi kaja kujaribu. Kawasha hita, kawasha pampu. Pampu ikakohoa, ikameza! Nikashika kiuno. Maji yakaanza kupata joto, na hapo ndipo nikakumbuka. Hamira! Maisha yangu yote naumua unga kwa joto, leo nimeusahau mwenyewe. Unga uliomezwa ukatemwa chini ya kiti, ukajipenyeza kwenye ufa, ukavimba, ukatokeza upande wa nje kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Jua likaukausha. Tone la mwisho likadondoka. Basi.

Fundi kainama na tochi. Kasema tangu aanze kazi hajaona gundi kama hii, inauzwa wapi? Baba watoto akavimba kuliko unga. Akamjibu hiyo ni siri ya familia.

Ijumaa, tarehe 9

Siku ya mwisho. Baba watoto katoka. Nikachukua mchi, nikalipiga lile shavu. Pa! Mchi ukarudi na mkono wangu. Na wateja husema mikate yangu laini! Nikapiga tena. Baba watoto akanikuta nimepiga magoti, mchi juu. Nikasema napima uimara. Machozi yakamlengalenga. Kasema hakujua kama nalipenda jakuzi letu kiasi hicho, akanikumbatia. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini mimi nimekumbatiwa. Si haba.

Jumamosi, tarehe 10

Binti kafika! Kakonda, au naona mimi. Wifi alishasimama langoni na taulo jipya begani, tayari kumchukua. Nikalikamata begi kwa mikono miwili, angalau hilo lilale kwangu.

Binti akasimama uani, akanusa. Akauliza nani anaoka. Hakuna aliyeoka. Akaifuata harufu mpaka kwenye jakuzi, akatumbukia na nguo zake! Kasema huko aliko maji yananuka dawa, haya yananuka mama. Shajara, mama! Nikasingizia mvuke umeniingia machoni.

Baba watoto kaingia, nami nikaingia. Mama mkwe katumbukiza miguu, kasema chumvi haikutosha. Wifi kazungukazunguka na taulo lake, mwisho kajitosa naye. Kakiri kwake taa ziko tele, ila mtu anakaa peke yake, na pampu inanguruma mpaka kichwa kinauma. Nikamsogezea nafasi. Ni wifi yangu, nitamtupa wapi?

Jumapili, tarehe 11

Nimelala kama mtoto. Binti yuko jikoni kwangu anakula. Jipya la nini? Ya kale ni dhahabu, nilisema tangu mwanzo.

Jambo moja tu. Fundi kamwambia wifi ile pampu yake inayonguruma ibadilishwe. Nimemkataza. Nimemwambia sisi tuna dawa ya familia, leo hii namtibia. Kakubali, maskini, na kunishukuru juu. Donge liko kwenye sufuria, nimelifunika kitambaa. Hamira nimeongeza, maana jakuzi lake ni kubwa kuliko letu. Chumvi pia nimetia.

Shajara yangu, wewe ndiye unayejua yote. Ukiona kuna kasoro, nijulishe upesi sana. Kitambaa kimeshaanza kunyanyuka.